Marehemu Viateur Mugenzi na Kilima cha Mama Mkwe

Ndugu, majirani, na mafundi wa Gatsata mliofunga gereji leo kwa ajili yake, poleni na asanteni. Mimi ni Aidah, mdogo wake anayemfuata. Aliniagiza nisome bila kulia, na nikilia niseme ni vumbi la breki.

Marehemu Viateur Mugenzi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 huko Karagwe, Tanzania, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kabera na marehemu mama Venansia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akajifunza ufundi wa magari Bukoba. Mwalimu wake alimwandikia: “Ana bidii, lakini anabishana na vyuma.”

Familia ilirudi Rwanda mwaka 1995, na miaka miwili baadaye akafungua gereji Gatsata. Hapo ndipo alipolipenda jipu moja kuukuu la kijani, alilolinunua likiwa halina hata injini. Sisi tulisema karogwa.

Jumamosi tarehe 7 Novemba 1998 tulikwenda Rulindo kumposea Vestine, wazee wetu wakiwa ndani ya jipu hilo. Kwenye kilima cha kina Vestine, matope mpaka magotini, ekseli ya nyuma ikakatika, ta! Wazee wakapanda kwa miguu, suruali zimekunjwa, na kwa desturi ya gusaba, yaani posa ya Kinyarwanda, wenyeji wakatupiga faini ya kuchelewa: kreti mbili za bia. Bibi Daphrose, mama mkwe, akamwambia kaka, “Binti tumekupa. Lakini siku utakayofika uani kwangu kwa gari lako, ndipo nitaamini wewe ni fundi.” Maneno hayo yalimchoma. Walifunga ndoa tarehe 21 mwezi huo huo, wakahamia Kabeza, wakapata watoto wawili.

Mwaka 2003, alipotaka kumpeleka mtoto wao Ikirezi kwa bibi yake, alifunga ekseli mpya, nene, za chuma kigumu. Lakini fundi mzima akasahau flanji, ile sahani ya chuma yenye meno inayofungwa kwa bolti kwenye gurudumu ili ekseli ilizungushe! Pale pale kilimani, ekseli hazikutikisika, flanji za zamani ndizo zilizonyoleka meno yote. Injini inanguruma, magurudumu yametulia tuli. Bibi alicheka mpaka mwavuli ukamponyoka. Tangu hapo kaka aliacha gari chini, akapanda kwa miguu, miaka ishirini na zaidi. Magari ya wateja aliyamaliza, lake likangoja.

Februari 2024 figo zake zilishindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Daktari alimwambia apumzike. Yeye akapumzikia chini ya jipu. “Sitaki kufa kabla sijafika pale uani,” alisema. Mimi nilimficha spana, Mungu anisamehe. Akanunua nyingine. Alikwenda karakana moja huko Masoro kukerezesha flanji mpya, nzito, zinazolingana na ekseli zake, akapapasa jino moja moja. Mikono ilipozidi kutetemeka, Vestine ndiye aliyekaza bolti za mwisho, naye kaka akimfokea kwa upendo.

Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, tulipanda. Nilikaa nyuma nimefumba macho. Jipu likateleza, likashika, likateleza tena, mara kuku hao wanatawanyika: tuko uani! Bibi Daphrose, mwenye miaka tisini na moja, alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari lote, akagusa magurudumu yote manne. “Haya, fundi,” akasema, “zima injini uje ule.” Kaka alibaki ameshika usukani, analia na kucheka. Yoo, sijapata kumwona na furaha kama ile.

Alifariki hospitalini hapa Kigali, Alhamisi tarehe 11 Desemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Vestine.

Ameacha mjane, Vestine; watoto, Ikirezi na Shema; mjukuu mmoja; na mimi. Bibi Daphrose ameikataa orodha niliyoiandika jana. Alichukua kalamu, akakata neno “mkwe” kwenye “mama mkwe” kwa mkono wake, akanirudishia karatasi. Kwa hiyo nasoma kama ilivyo: Viateur ameacha mama.

Mungu ampumzishe pema kaka yetu. Amina.