Shimo Nyuma ya Choo

Benchi lilikuwa la Randa, seremala, mbele ya karakana yake, na ndiyo maana hapo kijiweni neno lake halikukatizwa. Asubuhi hiyo roho yake ilikuwa kwatu. Kazi ya milango ya zahanati alishaipata; kilichobaki ni kibali cha kukata miti. Sheria ilisema anayetaka kukata aonyeshe kwanza mche anaoupanda, na ofisa wa misitu alikuwa njiani kuja kuuona. Mche wenyewe ulikuwa kwenye kopo, hapo miguuni pake. Akinyimwa kibali, milango inakwenda kwa seremala mwingine, na mafundi wake wawili wanakwenda nyumbani. Lakini anyimwe kwa lipi?

— Sheria yenyewe haina kazi, alisema Redio, kinyozi asiyepitwa na habari. Msitu ni kama ndevu. Ukizinyoa zinarudi nzito zaidi. Niulizeni mimi.

— Tena umesema kidogo, alidakia Mheshimiwa, aliyepewa jina hilo kwa kugombea mara tatu na kuangushwa mara zote. Mti hasa ni mizizi. Huo wa juu ni nywele tu. Tukikata, tunautua mzigo.

— Kumbe tunausaidia, alisema Redio.

— Sana. Halafu miti ikizidi, watu wote watahamia kivulini. Na wahenga walishaonya: mchumia juani hulia kivulini. Sasa vilio vyote hivyo vya nini?

Randa alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyie bishaneni tu. Mimi mtu wa sheria. Mwaka wa nne huu napanda, na kila mwaka napewa kibali. Hata kuchimba sichimbi tena. Shimo lipo pale nyuma ya choo, udongo laini, tumeshazoeana.

— Hiyo ndiyo akili, alisema Redio. Haba na haba.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, aliongeza Mheshimiwa. Mwenzetu hajaziba, na ukuta hajajenga. Hasara iko wapi?

Mwanamke mmoja mwenye viatu vya vumbi alikuwa amesimama kando akiwasikiliza. Randa alimsogezea nafasi na kikombe.

— Karibu, dada. Kitanda au kabati?

— Asante, kaka. Natoka ofisi ya misitu. Gari limetuharibikia, nimemalizia kwa miguu. Mche ndio huo?

— Ndio wenyewe, bosi. Na shimo tayari.

— Nimesikia. Mwanamke alichungulia nyuma ya choo, akarudi taratibu. Sasa ule wa mwaka jana uko wapi?

Redio alianza kupuliza kahawa iliyokwisha poa. Mheshimiwa alifungua kinywa, akawatafuta wahenga, asimpate hata mmoja. Randa aliona aibu, maana tangu mwaka wa kwanza kila mche ulikauka mlemle shimoni, na hakuwahi kuumwagilia hata kopo la maji. Aligeuka kutazama karakana. Mafundi wake wawili walikuwa wameacha kupiga randa, wamesimama mlangoni, nao wakingoja jibu.