Injini Irudi Kwenye Pikapu

Sogeeni, wanangu, mnisikilize, na wewe mkubwa acha kuchungulia chini ya mto wangu, maana unachokitafuta hakipo hapo. Ninakufa, sijawa mjinga.

Nyumba ni yenu wote wawili. Karakana na kila spana iliyomo nampa dada yako, na usininunie, kwani miaka yote hii wewe ulishika usukani na yeye ndiye aliyeshika grisi. Sasa tuje kwenye ile ndege niliyoiunda mwenyewe, ambayo najua ndiyo uliyoifuata hapa na shati jipya.

Injini yake niliitoa kwenye pikapu yangu kwa mikono hii. Ni injini ya gari, imezoea kukazana mlimani na kupumua mteremkoni, na ikizimika unaegesha kando, unafungua boneti, unatukana. Huko juu haipumui, inakazwa tangu kuruka mpaka kutua, na kando pa kuegesha hakuna. Ndiyo maana sikuruka bila shamba lisilo na watu chini yangu, na sikumpakia mtu, hata mama yenu aliyeniomba mpaka akachoka. Siku maji ya injini yalipochemka nikatua kwenye mahindi ya watu, dada yako alikuja mbio akanipapasa mbavu, wewe ulikuja na simu, ukasema, "Baba, tabasamu." Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma.

Leo nasikia umefunga kiti cha pili, umekivisha kitambaa chekundu, na umewaahidi maharusi kuwapitisha juu ya sherehe yao. Maharusi! Watu hawajalala nyumba moja, wewe unataka kuwalaza kaburi moja! Una roho ngumu, na sijui umeitoa wapi, maana mama yako alikuwa mtu.

Basi ile puli ndogo, inayopunguza mbio za injini ili pangaboi lisivunjike, niliichonga mwenyewe, na vipimo vyake vimo kichwani humu, vinaondoka na kichwa. Jana nilimwagiza dada yako aifungue. Iko hapa chini ya shuka, juu ya tumbo langu. Acha! Ondoa mkono! Binti yangu, mshike kaka yako.

Nipe maji kidogo... Basi, yatosha.

Mkishanifumba macho, binti yangu, irudishe injini kwenye pikapu, nayo ndiyo inipeleke makaburini. Kaka yako aendeshe, gia ya pili, polepole, asikie inavyopumua mteremkoni. Mabawa yaezekee banda la kuku. Puli... mnizike nayo.

Mungu awape umri mrefu, awape watoto wanaosikia kuliko ninyi. Na wewe, mkubwa, akuzeeshe... akuzeeshe hapa hapa chini, mpaka meno yaishe. Naiona hasira yako. Nichukie tu... lakini nichukie ukiwa hai.

Sogea. Karibu zaidi... Siyo puli, mwanangu. Mkono. Shika mkono.