Picha Tano Juu ya Orodha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya chuo chetu cha uuguzi, Baba Mchungaji Fanueli, Mkuu wa Chuo, walimu na watumishi wenzangu, wazazi mliotelemka kutoka Mamba na Vudee, nanyi mliokuja na basi la alfajiri kutoka Maore na Kisiwani, wanachuo, na ninyi akina mama mnaotuhudumia tangu asubuhi: nawasalimu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimewataja kwa ngazi, kama ada inavyotaka, na kama nilivyofanya kwa miaka kumi na minne nikiwa msajili wa chuo hiki. Wa mwisho amesubiri nusu dakika, na hakuna aliyeumia. Leo mnaniaga mimi, Asheri, na waliotangulia kusema wamenisifu kwamba nilikuwa mtu wa utaratibu. Ni kweli. Naomba basi niwaeleze utaratibu wangu ulifanya nini.

Mnakumbuka mwaka 2005, vyuo binafsi vilipoota kama uyoga, kila kimoja kikigombania wanafunzi. Bodi ikaamua nasi tuwe na tovuti, tukaipata. Na kwa kuwa sisi ni watu wa heshima, tukaweka juu kabisa picha za viongozi watano, kila moja kubwa kama ilivyotoka kwenye kamera, tukazipanga kwa vyeo. Tukaongeza wimbo wa chuo unaojipiga wenyewe. Na chini ya hayo yote ndipo tukaweka orodha ya waliochaguliwa, pamoja na fomu ya kuthibitisha nafasi. Picha ya kwanza ilikuwa yako, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ya tano ilikuwa yangu, nimevaa suti hii hii.

Evance, fundi wetu wa kompyuta, yule pale anayetazama viatu vyake, alinijia ofisini mara tatu. Alisema, "Mwalimu, picha moja ya hizi ni nzito kuliko orodha nzima ya majina. Hapa ofisini huoni shida, maana kompyuta yetu imeshazihifadhi. Mtu wa mjini anaanza upya kila anapofungua. Niruhusu nizipunguze, orodha itangulie."

Nikamjibu, "Utampunguzaje Mwenyekiti, Evance? Na umweke chini ya watoto walioomba nafasi?"

Alipokuja mara ya tatu nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Mwalimu." Nikamwambia ana mdomo mrefu, arudi kwenye waya zake.

Ndugu zangu, mwezi wa nane mwaka jana, katikati ya ule mgawo wa umeme, tulitoa majina. Siku saba za kuthibitisha. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine. Huko Maore alikuwako binti anaitwa Fortunata. Baba yake, Paskali, alikuja kutoka Kigoma akiwa kijana kukata mkonge, akaukata mpaka shamba lilipouzwa kwa mwekezaji na wakata mkonge wakaambiwa hawahitajiki tena. Aliyebaki na matumaini katika nyumba ile ni Fortunata, aliyekuwa amefaulu vizuri kuliko wengi wenu mliokaa hapa mbele. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha. Alitaka kuwa muuguzi. Hilo tu.

Walikuja Same, baba na binti, kwenye kafe ya intaneti ya Bi Mwanaidi. Wakafungua tovuti yetu. Mnaoishi Dar es Salaam hamjui picha inavyofunguka huku kwetu: inashuka mstari kwa mstari kutoka juu. Kwanza zikaja nywele za Mwenyekiti. Baada ya muda, paji la uso. Bi Mwanaidi anasema Mzee Paskali aliuliza kwa adabu kabisa, "Mama, huyu bwana ni nani, na jina la mwanangu liko wapi?" Akamjibu, "Subiri mzee, anashuka." Mwenyekiti alipofika kwenye tai, umeme ukakatika.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka niliposimuliwa, mpaka nilipoambiwa yaliyofuata.

Siku ya pili walifika picha ya tatu, laini ikakatika, wakaanza tena kwenye nywele. Mzee akasema, "Chuo chenyewe si kile pale? Twende kwa miguu." Wakaja mpaka getini kwetu. Na getini palikuwa na tangazo: Majibu yote yako kwenye tovuti, msisumbue ofisi. Mlinzi akawasomea, akawarudisha. Msimlaumu mlinzi. Sahihi ya chini ya tangazo lile ni yangu, na mimi nilikuwa ndani, hatua arobaini kutoka pale, nakunywa chai.

Siku ya saba walikaa kwenye kafe tangu asubuhi na viazi vyao vya kuchemsha kwenye mfuko. Jioni picha ya tano ikaanza kushuka. Kichwa changu kikaonekana, kikasimama hapo hapo. Bi Mwanaidi akafunga kafe. Wiki iliyofuata nikapata barua ya Mzee Paskali, kwa mwandiko mzuri, ikieleza hayo yote. Sikuisoma hadi mwisho. Niliandika juu yake kwa wino mwekundu, "Muda umepita," nikaiweka kwenye faili.

Nani aliyenifungua macho? Si dhamiri yangu, msinisifu. Ni laini ya simu ya ofisi, ile inayotuletea intaneti, iliyokufa mwezi wa kwanza, nikalazimika kwenda kwa Bi Mwanaidi kutazama tovuti yangu mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti kile, nikasubiri uso wangu. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo ya kwenu watu huijia na chakula." Ndipo akanisimulia. Nikarudi ofisini, nikaitoa ile barua, nikaisoma yote.

Nilimwita Evance siku hiyo hiyo. Akapunguza picha, akazipeleka ukurasa wa nyuma, akanyamazisha wimbo, akaweka orodha juu. Nikaenda tena kafe, kompyuta ile ile, nikahesabu kimoyomoyo. Sikufika kumi, jina la kwanza likawa mbele yangu. Mnajua kazi hiyo ilimchukua Evance muda gani? Siku moja na nusu. Siku moja na nusu, na mimi nilimnyima mwaka mzima.

Nikasafiri mpaka Maore nikiwa na barua ya nafasi mkononi. Bodi ilikubali, na kwa hilo naishukuru. Nilikuta turubai la msiba bado halijashushwa. Mzee Paskali alikuwa amezikwa juzi yake; kifua ndicho kilichomuua. Fortunata aliisoma barua yangu, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Asante, Mwalimu. Mwaka jana nilikuwa na baba." Nyuma yake walisimama wadogo zake wanne, na ndani alilala mama asiyeweza kutoka kitandani. Niliirudisha barua mfukoni, nikapanda basi la kurudi.

Fortunata yumo humu ukumbini. Ni mmoja wa wale waliowamiminia chai. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akasema, "Sema, Mwalimu, ila usinisimamishe." Kwa hiyo nawasihi, msigeuke.

Nimeambiwa kwamba picha yangu ya leo, nikipokea zawadi hii, itawekwa kesho ukurasa wa kwanza wa tovuti, kubwa, juu ya orodha mpya ya mwaka huu, kama heshima ya kuniaga. Nawashukuru kwa zawadi, na kwa uvumilivu wenu wa kunisikiliza. Picha hiyo, Evance, usiiweke.