Bi Hodi, Aliyebisha Mlango Penye Majivu

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, mwenzetu mpendwa atakabidhi funguo za kabati lake na kuhitimisha miaka ishirini na saba ya utumishi katika Ofisi ya Ruzuku za Jamii. Jina lake kamili limo katika barua yake ya kustaafu. Humu tutamwita kama anavyoitwa kuanzia getini petu hadi vijiji vya mwisho vya bonde: Bi Hodi. Mwenyewe ameridhia.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa, katika chumba cha nyuma chenye dirisha lisilofunguka. Alipandishwa kuwa karani, kisha afisa wa ruzuku, na alikuwa katika wadhifa huo mwaka wa moto mkubwa ulipomkuta. Moto ule uliteremka kutoka nyikani wakati wa kiangazi, ukala mashamba, mazizi na mapaa ya vijiji vitatu. Ofisi iliagizwa kuzifikia kaya zote kabla ya mvua, kukagua hasara, na kutoa ruzuku ya mabati, mbegu, mifugo au vitendea kazi.

Hapo ndipo jina lilipopatikana. Katika kila kiwanja, Bi Hodi aliuliza kwanza mlango ulikuwa wapi. Akishaonyeshwa, alisimama mahali hapo, mbele ya majivu matupu, akapiga hodi na kungoja akaribishwe. Dereva wetu, mtu asiyejua kuubana ulimi wake, alicheka hadi akaegemea gari: "Mama, mlango umekwenda na moto. Unambishia nani, upepo?" Bi Hodi alimjibu bila kugeuka kwamba mwenye nyumba yupo, na bado hajamkaribisha.

Kilikuwepo kiwanja kimoja ambacho hakikubakiwa na wa kuitika. Hapo pia alipiga hodi, akangoja, kisha akarudi garini.

Lakini jambo ambalo ofisi hii haitalisahau ni lile la mzee mrina asali. Ilivuma kijijini kwamba moto ulianzia kwenye kienge chake cha kufukizia nyuki. Uchunguzi haukuthibitisha wala kukanusha, na hadi leo haijulikani. Majirani, hata hivyo, walishakata shauri. Kanuni zetu zinataka kamati ya kijiji imtambue mwombaji kuwa mkazi, na kamati ilitamka waziwazi kwamba mzee huyo hana tena makazi pale. Bila kutambuliwa asingepata mabati, na bila mabati mvua ingemfukuza katika ardhi aliyozaliwa.

Bi Hodi alisimama palipokuwa na mlango wa mzee, akapiga hodi mara tatu. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amewapa watu mgongo, wala hakuitika. Kwa kuwa asiyeitikiwa hodi ya tatu huondoka, Bi Hodi aliondoka. Kesho yake alirudi, ikawa vilevile, huku kinamama wakiguna kando: "Eti anamwita mwenye nyumba! Si ndiye aliyetuchomea zetu?" Dereva alilalamikia mafuta. Mkuu wa ofisi alikumbusha kwamba mawingu yameanza kujikusanya. Bi Hodi akarudi tena.

Siku hiyo jua lilikuwa kali mno. Jirani wa mzee, fundi wa kushona ambaye cherehani yake iliteketea, na ambaye ndiye aliyekuwa akimlaani kwa sauti kuliko wote, alimtazama mgeni akifuta jasho, na uvumilivu ukamwishia. "Babu wee, huna hata haya? Mgeni anaungua na jua mlangoni pako, nawe umekaa tu! Mkaribishe, bwana, unatuaibisha sote!"

Mzee akageuka taratibu. "Karibu, mama. Karibu ndani."

Bi Hodi akavua viatu, akaingia juu ya majivu.

Alipotoka, wajumbe wa kamati walikuwa wakitazamana. Mshitaki mkuu wa mzee, yule fundi, alikuwa ametamka mbele ya wote kwamba pale pana mlango, na kwamba mlango huo una mwenyewe. Katibu wa kamati alisaini kumtambua mzee siku hiyohiyo, na mabati yakaitangulia mvua.

Leo mzee ana mizinga mipya, na yule fundi, aliyepata cherehani kwa ruzuku hiyohiyo, huwashonea warina asali wa bonde zima mavazi ya kujikinga. Hatutadanganya kwamba wawili hao wamepatana. Bado hugombana juu ya kuku, lakini hugombana kama majirani.

Nasi tumefundishika. Mwezi uliopita afisa mpya alipojitoma katika kiwanja kilichoungua, dereva alipiga honi mfululizo mpaka afisa huyo akarudi nyuma na kuanza upya.

Bi Hodi, kwa heshima na taadhima, tunakushukuru. Unakwenda katika nyumba uliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka mingi. Uishi humo kwa afya, amani, na usingizi usiokatizwa na simu za ofisi. Ombi letu ni moja, na tunaliwasilisha kwa unyenyekevu. Jumapili ya kwanza baada ya kuondoka kwako tutakuja sote, tutasimama nje, wala hatutavuka kizingiti kabla ya kukaribishwa. Mzee mrina asali ameomba hodi ya kwanza aipige yeye. Ukiisikia, mwitikie.