Mtani Kapanda Jukwaani

Basi lililotoka Tougan kwenda Ouaga lilipofika Yako, Rasmata Ouédraogo aliacha kujifanya amelala. Maneno ya kiti cha mbele yalikuwa matamu mno.

"Bibi, jana uliniharibia mchezo," alilalamika kijana Mtogo, Kossi, aliyekuja kuigiza na wenzake wa Burkina kisa cha binti anayeozwa kwa nguvu. "Tunawaita watazamaji jukwaani wamshawishi baba kwa hoja. Wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, 'Mtumwa wangu, mwache mtoto arudi shule.'"

"Na yule mpuuzi akacheka, akakubali. Mchezo wa saa nzima ukaisha kwa dakika tano."

"Angekataaje? Yeye Mmosi, mimi Msamo; makabila haya ni watani. Mtani hakataliwi."

Rasmata, Mmosi wa kuzaliwa, alijiuma ulimi.

"Hiyo si hoja, bibi."

"Binti kaozwa?"

"Hakuozwa."

"Sasa unalia nini?"

"Yule ni mwigizaji. Huku nje, nani atamtii mtani?"

Basi liliposimama Ouaga, bibi aligeuka nyuma. "Wewe unayetusikiliza tangu Yako, ukoo wako nani?"

"Ouédraogo."

"Nilijua tu. Nibebee kapu, mtumwa."

Rasmata, ambaye hata mama mkwe akimtuma humjibu kwanza ndipo amsaidie, alijikuta ameshalitwika. "Zito hivi," alinung'unika, "humu mmetia mbwa mliyembakisha jana, enyi Wasamo wala mbwa?"

Bibi alicheka mpaka akashika kiti. Kossi akatoa daftari, akaandika: 'Mtani hakataliwi.'