Historia ya Waya, Fundi wa Simu Aliyependa Kukaa Nje

Mdogo wetu mpendwa, ambaye wengi mliopo hapa mnamjua kwa jina la Waya, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955, katika chumba cha uani nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba, na marehemu mama alikuwa akisema huyu alitoka macho yakitafuta mlango.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza sekondari Novemba 1974, na mwalimu wake mmoja alimwambia baba, "Akili anazo, mzee, ila anaziacha nje ya dirisha."

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuwa fundi wa simu, akafungiwa, na hilo ni neno lake mwenyewe, katika chumba cha mitambo kisicho na dirisha hata moja, maana mitambo haitaki vumbi, na humo alidumu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015, kila jioni akirudi ananyoosha moja kwa moja kijitoni nyuma ya nyumba, mkewe akimfuata kwa sauti, "Si usalimie watu kwanza, ndipo uyasalimie majani."

Mke huyo alimwoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1985, na mama mtu alipotutangulia tarehe 11 Mei 2019, walibaki baba, binti na paka wao.

Ugonjwa wa moyo ulianza Oktoba 2022, daktari akaonya asiachwe peke yake, na binti, ambaye ni mshonaji kiwandani na hakuweza kuacha kazi, akamvalisha saa ya kisasa inayomwonyesha kwenye simu mzee yuko wapi na kama anatembea, na tangu siku hiyo mtoto wa watu hakuonja raha, anashona simu ikiwa mapajani, ikinyamaza anaogopa, ikilia anaogopa zaidi, mzee akivuka geti tu anapigiwa, "Baba, wapi tena?" naye anajibu, "Naenda kuona kama kijito bado kipo," "Kipo, baba, rudi ndani," hata mzee akamlalamikia dada yake, "Dada, nimetoka kwenye mitambo mikubwa, nimefungwa na kadogo."

Jumanne tarehe 4 Machi 2025 simu ilionyesha mzee anatoka sebuleni anaenda jikoni, anarudi, anapumzika, binti akala chakula cha mchana kwa utulivu, akawaambia wenzake, "Leo mzee wangu kanisikia," kumbe saa ilikuwa shingoni mwa paka, na aliyempigia binti simu ni jirani yetu fundi viatu, kutoka kijitoni.

Binti alifika mbio, akamkuta baba ameegemea jiwe, miguu majini, ameshakata roho, mkono wake ungali mkononi mwa fundi viatu, ambaye alimpa maneno aliyoachiwa, "Mwambie binti yangu sikuwa peke yangu, na paka asipigwe."

Saa hiyo paka bado anayo, na asubuhi ya leo, tukivaa kuja huku, simu ililia kwamba baba amevuka geti, binti akaitazama, akasema, "Mwacheni aende."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hasa fundi viatu, wafanyakazi wenzake binti, na mafundi wa chumba kile kisicho na dirisha, mliosimama leo juani bila kulalamika.

Pumzika kwa amani, Waya, hapa ni nje.