Barua ya Kumfukuza Mwalimu Georgette

Kijiwe ni benchi moja mbele ya thermos ya maman Colette, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali. Aliyelipigilia misumari ni Raphaël, seremala ambaye mtaa mzima humwita Mètre, yaani futi ya kupimia. Asubuhi hiyo Mètre hakuwa na hamu ya kahawa wala ya watu. Jana Elodie, binti yake wa mwaka wa tano shuleni, alijikata na msumeno darasani: kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimekwenda, cha pili kinaning'inia. Mama yake yuko kisiwani Idjwi kwenye msiba, simu haishiki. Wauguzi walimwambia Mètre asubiri nje, naye akaja kusubiri hapa, akakuta wenzake wanaandika barua ya kumfukuza mwalimu.

Kosa la mwalimu Georgette lilikuwa moja. Katika shule za mtaa huu, kazi ya mikono ya mtoto hufanywa na baba. Mtoto anaagizwa fagio au kiti, baba anatengeneza au ananunua, mwalimu anatoa pointi, kisha kiti kinaishia sebuleni kwa mwalimu, na hakuna anayelalamika. Georgette alikataa. Alileta mbao na misumeno darasani, akasema kila mtoto atatengeneza chukudu ndogo, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa mikono yake mwenyewe.

— Nimeandika hivi, akasema Jean-de-Dieu, karani mstaafu wanayemwita Ministre kwa sababu ya tai yake. "Madame la Directrice, siye bazazi ya batoto tunalia." Iko bien?

— Ongeza kama mutoto anaendaka ku masomo kushika bic ya kuandika, hapana scie ya kukata mbao! Huyo ni Willy, fundi wa simu. Wenzake humwita Satellite, maana anajua mambo kabla hayajatokea. — Na ile mambo haikutoka kwa Georgette. Iko projet! Banafundisha batoto kazi ya mikono juu ya nini? Juu ya mashimo ya minerais, kwenye banachimba madini. Mukono kidogo inaingia fasi ya mukubwa haiingie.

— Satellite, we! akakemea maman Colette.

— Miaka mbili tu, mwaka wa tano yote iko ku mashimo ya Bunyakiri chini ya udongo. Mutaniambia.

— Mi naona mbaya kupita ile, akasema Ministre. Mutu akijua kujitengenezea kitu, hatamuheshimu tena mutu wa bureau. Nani atakuya kuomba cachet, ule muhuri? Inchi itakufa.

— Kumbe iko nzima? akauliza maman Colette huku akimimina.

Mètre alishika kikombe bila kunywa. Miaka yote ya shule, fagio la Elodie alilifunga yeye, mwiko aliuchonga yeye, kiti alikipiga randa yeye, na kila mara pointi zilikuwa ishirini juu ya ishirini. Elodie akija karakanani na kugusa ubao, yeye husema: toka, utaumia. Aliyasema kwa mapenzi, na sasa mapenzi hayo yanamla roho. Binti wa seremala alishika msumeno mara ya kwanza jana. Mètre alilijua hilo, wala hakuwa na ujasiri wa kulisema.

— Papa Elodie, weka signature, akasema Ministre. Bila weye, barua haina nguvu.

— Ule mwalimu alilala chini ku couloir ya hospitali, akasema maman Colette. Asubuhi nimemuona anatoka, blouse yote damu.

— Alale hata mwaka! akafoka Satellite.

— Aksanti kwa Mungu iko mukono ya kushoto, akasema Ministre. Mutoto ataandika tu.

Mètre akachukua kalamu, akatia sahihi. Wino ulikuwa bado haujakauka muuguzi alipovuka barabara akiruka matope.

— Papa ya Elodie njo nani?

— Ni mimi.

— Mi ni Mireille, wa chirurgie, kule banapasua bagonjwa. Docteur amefika, anaingia sasa. Mutoto ameshalala na dawa, hawezi kujibu. Kama ni mukono ya kuandikia, docteur atapigania ile kidole, hata masaa mingapi. Kama hapana, ataikata juu isioze. Elodie anaandikaka na mukono gani?

Mètre akavuta kumbukumbu. Alimwona binti yake mezani, kichwa kimeinamia daftari, nywele zimesukwa na shangazi yake. Aliliona daftari, aliziona pointi. Mkono hakuuona. Ministre alijishughulisha na tai yake. Satellite alitazama viatu.

— Papa?

— Muulize mwalimu Georgette, akasema Mètre. Yeye njo anajua.

— Ule wa blouse ya damu? Lakini asubuhi weye mwenyewe ulimwambia sentinelle wa mulango amufukuze. Anaishi wapi?

Mètre akawageukia wenzake. Hakuna aliyejua. Mireille akatazama saa yake, kisha akavuka barabara kurudi kwa daktari bila jibu.